Gari linatiki: sikiliza kabla hujashika spana

Mwalimu alifika gereji kwangu Sakina asubuhi moja ya Julai, saa moja haijafika, ile baridi ya Arusha inayowafanya bodaboda wavae makoti mawili. Toyota IST, injini ya 1NZ, cc 1500. Akashusha kioo, hakuzima.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Hebu sikiliza hiki kitu. Mafundi wawili wameshaniambia injini imekwisha. Mmoja ameshanitafutia nyingine."

Nikainama. Tik-tik-tik-tik, mlio mkavu, mwembamba, wa haraka, kama cherehani inayoshona pindo la pazia. Lakini wakati bado namsikiliza anavyoeleza, mlio ukaanza kufifia, na baada ya dakika tatu hivi haukuwepo tena. Mwalimu akapiga usukani kofi. "Umeona? Kila nikifika kwa fundi linanyamaza!"

Nikamwomba aniachie gari lilale. Alitoka kwake Ngaramtoni, injini ilikuwa imeanza kupata moto njiani, na mimi nilitaka kuisikia ikiamka kutoka usingizini. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila mtu: mlio wa tik-tik unapimwa kwenye hali ileile unayotokea. Ukitokea asubuhi tu, pima asubuhi. Ukitokea gari likiwa limebeba watu watano kupanda kilima, pakia watu watano upande kilima. Fundi anayekupa jibu kwa kusikiliza sekunde kumi mchana juani, wakati mlio wenyewe ni wa alfajiri, anakisia.

Nitarudi kwa mwalimu. Kwanza tuelewane jinsi ya kuutafuta.

Mlio unafuata nini?

Kabla hujafungua boneti, jibu swali moja: mlio unafuata injini, unafuata magurudumu, au haufuati chochote kati ya hivyo? Wengi wanaruka hatua hii, na pesa nyingi hupotelea hapa.

Simamisha gari, weka gia kwenye P, vuta handbreki, acha injini iungurume. Mlio ukiwepo, kanyaga mafuta taratibu. Mlio ukiongeza kasi pamoja na injini, unatoka kwenye injini au kwenye kitu kinachozungushwa nayo. Ukiwa kimya gari likisimama na kurudi likitembea, iache injini na ushuke kwenye magurudumu.

Kuna ule wa katikati, unaosikika ukiwa mwendoni tu, na hujui kama ni injini inalalamika na mzigo au ni gurudumu. Tafuta barabara tambarare isiyo na watu wala magari, nenda kilomita 30 kwa saa, kisha weka N, gia huru, kwa sekunde tatu nne huku injini ikiendelea kuwaka. Usiizime. Ukiizima usukani utakuwa mzito na breki zitakuwa ngumu kama jiwe. Ukiwa N, injini inashuka chini lakini magurudumu yanaendelea na mwendo wao. Sasa mlio umebaki na nani?

Ukihisi ni magurudumu, tafuta ukuta mrefu. Mimi natumia ukuta wa shule ya msingi jirani yangu, siku za Jumamosi. Pita taratibu kabisa karibu nao, vioo wazi, redio imezimwa, ukuta ukiwa upande wako. Kisha geuza urudi ukuta ukiwa upande wa abiria. Ukuta unakurudishia sauti ya upande ule tu, na utashangaa jinsi mlio uliokuwa "huko chini mahali fulani" unavyojitaja wenyewe.

Magurudumu: hesabu kabla ya kuogopa

Tairi la 185/65R15, ambalo IST nyingi zinavaa, likizunguka mara moja linasogeza gari karibu mita 1.95. Kwenye kilomita 20 kwa saa linazunguka karibu mara tatu kwa sekunde. Kwa hiyo ukisikia tik-tik-tik tatu kwa sekunde kwenye mwendo huo, kuna kitu kimoja kinachogusa mara moja kila mzunguko, na mara nyingi ni kokoto iliyojibana kwenye kashata za tairi. Barabara zetu za changarawe ni wafadhili wakubwa wa kokoto hizo. Aliwahi kunijia dereva wa magari ya watalii na Land Cruiser, ameshaambiwa beringi ya gurudumu imekufa. Tulilinyanyua, tukalizungusha kwa mkono, na kijana wangu akalitoa jiwe la ukubwa wa harage kwa bisibisi. Dereva alikaa kimya muda mrefu.

Ukikuta msumari, usiung'oe hapohapo. Nenda nao hivyohivyo, polepole, hadi kwa fundi wa pancha, maana ukiung'oa barabarani upepo utatoka na utabaki unamtafuta yeye kwa simu.

Kama siku mbili tatu zilizopita ulitoka kubadilishiwa tairi, shika spana ya magurudumu sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Nati zilizolegea zinaanza kwa tik-tik ndogo, halafu zinakuwa tako-tako, halafu unaliona gurudumu lako likikutangulia. Kaza kwa mtindo wa msalaba, moja kisha ya upande wa pili, si kwa kuzunguka duara.

Mlio unaotokea ukikata kona tu ni habari nyingine. Nenda uwanjani, kata usukani wote kulia, tembea polepole ukizunguka duara, kisha kata wote kushoto. Tak-tak-tak yenye nguvu ni ile jointi ya nje ya draivushafti, mhimili unaozungusha gurudumu, jointi tunayoiita siivii. Chungulia nyuma ya gurudumu: kama raba yake imechanika na grisi imerukia rimu kwa ndani, umeshapata jibu. Raba ikichanika leo na ukaibadilisha leo, jointi inapona. Ukisubiri miezi mitatu, vumbi na maji vitakuwa vimeshaila.

Vile vidogo vya umeme

Hapa nitapita haraka. Indiketa ikitiki mbio kuliko kawaida, balbu moja imeungua. Tik-tik nyuma ya dashibodi mara tu unapowasha gari au unapogeuza kitufe cha joto na baridi, kisha inakoma, ni kimota kidogo kinachogeuza njia ya hewa, meno yake yamevunjika. Kinaudhi lakini hakiui. Tak moja kila eisi inapojiwasha na kujizima ni klachi ya kompresa ikishika, ni halali. Ukigeuza ufunguo na gari likatoa tik-tik-tik ya haraka bila kuwaka huku taa zikififia, angalia betri na terminali zake zilizoota unga mweupe. Na tik... tik... tik inayosikika chini ya gari baada ya kuzima, ikipungua yenyewe, ni ekzosi inapoa. Mwache apoe.

Sasa injini

Kwanza kabisa: oili. Si la pili, si la tatu. Gari mahali tambarare, injini imezimwa angalau dakika tano, chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, futa, ingiza tena, chomoa, soma. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, jaza kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na nimewahi kumwaga oili kwenye gari la namna hiyo ikatoka lita moja na nusu, nyeusi kama lami, mwenye gari akishangaa kwa nini linalia wakati "taa ya oili haijawaka". Ile taa nyekundu yenye kibirika haisemi kiasi cha oili. Inasema presha. Ikiwaka ukiwa njiani, zima injini palepale penye usalama. Usijiambie utafika nyumbani.

Neno moja kuhusu oili nzito. Utaambiwa, "Weka 20W-50, mlio utapotea." Unaweza kupotea kweli. Lakini asubuhi ya baridi oili nzito inachelewa kupanda juu kwenye valvu, na ule mlio umeufunika tu kama mtu anayeongeza sauti ya redio ili asisikie. Injini hizi za kisasa zimetengenezewa nyembamba kama 5W-30. Tafuta chanzo kwanza, ukishakijua ndipo ubishane na watu kuhusu oili.

Ukitaka kusikiliza vizuri, vua skafu, ingiza mikono ya shati ndani au ikunje, toa kitambulisho kinachoning'inia shingoni, funga nywele. Mikanda haina huruma, na feni ya rejeta ni ya umeme: inaweza kukaa kimya dakika kumi kisha ikawaka yenyewe mkono wako ukiwa karibu. Pimia nje, si ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wa ekzosi una gesi isiyo na harufu inayoua.

Zifahamu sauti halali. Noseli za petroli, zile zinazopulizia mafuta kwenye injini, zinatiki. Ndiyo kazi yake, kufunguka na kufunga. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye mwili wa noseli, weka mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, si ndani ya sikio. Utasikia tik-tik safi, kama saa ya ukutani. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Zote nne zinatakiwa kufanana. Iliyo kimya ndiyo mgonjwa, na inayopiga kelele kuliko wenzake iandike. Kuna pia valvu ndogo inayovuta mvuke wa petroli kutoka tangini, nayo hutiki kwa mapumziko, na watu wamewahi kuniletea gari kwa ajili ya hiyo peke yake. Ukiishika kwa vidole unaihisi ikipiga.

Halafu hesabu. Hapa ndipo simu yako inapokuwa na faida kuliko ile ya kupigia picha ugali. Kemshafti, mhimili wa juu unaofungua valvu, inazunguka mara moja kila krenkishafti, mhimili mkuu wa chini, inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo kitu kibovu cha juu, au cha silinda moja tu, hulia mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Kitu kilicholegea kwenye puli au kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, hulia kila mzunguko. Injini ikiwa kwenye 700 kwa dakika, sekunde kumi zitakupa mapigo karibu 58 kwa kile cha juu, na karibu 117 kwa kile cha kila mzunguko. Sikio haliwezi kuhesabu hivyo. Rekodi sekunde kumi, kisha isikilize kwa kasi ya robo ukichora vijiti kwenye karatasi. Kijana wangu aliniona mara ya kwanza nikichora vijiti akadhani nahesabu madeni.

Ukipata karibu 58, wahusika wako ni hawa: tapeti (kikombe ambacho kemshafti inakisukuma kufungua valvu) yenye nafasi kubwa, plagi isiyokazwa, koili (inayoipa plagi umeme) inayovujisha, ekzosi inayovuja kwenye silinda moja, au noseli. Ukipata karibu 117, shuka chini. Ukipata namba isiyolingana na chochote, waza mkanda. Mkanda uliochanika kipande hupiga kava kwa mwendo wake wenyewe. Njia ya kuhakikisha ni kuutoa mkanda wa nje na kuiwasha injini kwa muda mfupi, chini ya dakika moja, kwa sababu kwenye 1NZ pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo. Mlio ukitoweka, umebaki na jenereta, pampu, kompresa au mkanda wenyewe, na kila kimoja unaweza kukizungusha kwa mkono.

Kwa koili, subiri usiku. Fungua boneti gizani, taa zote zimezimwa, washa injini. Umeme unaovuja unaonekana kama uzi wa bluu unaoruka, tik, tik. Usiguse.

Asubuhi ya pili ya mwalimu

Saa 12 na nusu. Boneti wazi tayari, kijana wangu kwenye usukani, mimi na bisibisi yangu na kipande cha mpira wa maji kama nusu mita. Nilimwambia, "Chalii, washa, usikanyage mafuta."

Tik-tik-tik-tik tangu sekunde ya kwanza. Hiyo yenyewe ni taarifa. Cheni ya taimingi iliyolegea hupiga kelele wakati wa kuwasha tu, krrrr ya sekunde moja mbili, kama mnyororo wa baiskeli ya Phoenix unaogonga chenikava, kisha kijibano chake kikipata presha ya oili kinaikaza na kelele inakoma. Huu haukuwa huo.

Noseli: nne, zote sawa. Kava ya juu ya valvu: bisibisi ikaniletea mngurumo wa kawaida, hakuna pigo lililojitenga. Upande wa cheni: safi. Nikaweka bisibisi chini, nikachukua mpira. Bisibisi inasikia chuma kinachogonga chuma, lakini upepo unaovuja unausikia kwa mpira: upande mmoja sikioni, mwingine unaupitisha kidogokidogo bila kugusa kitu. Nilipofika kwenye manifoldi ya ekzosi, zile paipu za kwanza zinazopokea moshi wa injini, karibu na silinda ya mwisho, sikio likapigwa: tsi-tsi-tsi-tsi.

Nikamwambia kijana ashuke, avae glovu, akunje tambara nene na kuliweka kwenye mdomo wa ekzosi nyuma kwa sekunde mbili tu, mara mbili. Kila akiziba, mlio mbele unakuwa mkubwa. Akiachia, unarudi ulivyokuwa.

Tukazima. Chuma kikapoa, tukafungua bati la kuzuia joto, nikamulika kwa tochi ya simu. Pale manifoldi inapokutana na hedi, kichwa cha injini, palikuwa na mstari mweusi wa masizi, kama alama ya moshi juu ya jiko la kuni, umetoka kwenye gasketi na kupanda juu. Nati moja ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Ya pembeni yake haikuwepo kabisa.

Ndiyo maana mlio ulikuwa unapotea. Chuma kikipata moto kinavimba na kuziba ule ufa. Mwalimu akifika shule, gari kimya. Anapotoka saa kumi jioni limepoa, linaanza tena. Waliomwambia injini imekwisha walisikia tik ya mara moja kila mizunguko miwili wakafikiri valvu, na kusema kweli kwa sikio tupu zinafanana sana. Tofauti ni kwamba tapeti haiponi yenyewe ndani ya dakika tatu, na haiachi masizi.

Gasketi mpya, nati mbili. Mwalimu alipokuja kulichukua alizishika zile nati kwenye kiganja.

"Nati, fundi?"

"Nati, mwalimu."

Plagi, ambayo mimi mwenyewe nililipia ujinga

Sijawacheka wale mafundi wawili kwa sababu mimi nilishawahi kuwa upande wa pili. Kabla ya gereji niliendesha teksi, Corolla 110, injini ya 5A. Ilianza kutiki. Fundi niliyemwamini akapanga upya tapeti zote, siku mbili, gari limelala, mimi silali. Likatoka linatiki vilevile. Mzee mmoja wa malori pale kijiweni akasikiliza, akaniomba spana ya plagi, akachomoa waya wa silinda ya tatu. Hakuhitaji kukaza mkono: plagi ilizunguka kwa vidole viwili. Moto wa kila mlipuko ulikuwa unapenya kwenye nyuzi zake na kutoka na tik.

Kwa hiyo sasa, kabla sijafungua kava yoyote, nakagua plagi. Injini iwe imepoa. Kwenye 1NZ, kila koili imeshikwa na bolti ya spana namba 10. Itoe, vuta koili taratibu, na utumie soketi ya plagi ya 16. Plagi iliyokuwa inavuja utaiona ina masizi kwenye nyuzi na kwenye washa yake. Unapoirudisha, anza kwa mkono hadi ikae kabisa, ili usiharibu nyuzi za hedi. Kisha, kwa plagi mpya yenye washa yake, ongeza kama nusu mzunguko. Kwa iliyokwisha tumika, ongeza kidogo tu, kama mshale wa saa unavyotoka namba 12 kwenda namba 1. Usining'inie kwenye spana. Hedi ni ya aluminiamu.

Tapeti, na neno linalotumika ovyo

Ukishaondoa yote hayo, na tik iko palepale chini ya kava ya valvu, baridi au moto, ndipo tapeti zinaingia. Kuna watu watakuambia "haidroliki lifta zimekufa", yaani tapeti zinazojirekebisha kwa presha ya oili, kwa kila gari. Injini ya 1NZ haina hizo. Ina vikombe vigumu vya chuma, na nafasi kati ya kemshafti na kikombe inapimwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, injini ikiwa baridi: upande wa kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, upande wa ekzosi 0.25 hadi 0.35. Nafasi ikizidi, inarekebishwa kwa kubadilisha kikombe chenye unene mwingine. Hakuna skrubu ya kuzungusha. Fundi anayekuambia atakurekebishia tapeti za 1NZ kwa bisibisi, mwombe akuonyeshe hiyo skrubu iko wapi.

Na jambo moja linalowashangaza wengi: tapeti inayolia si mbaya kama iliyokaza. Inayolia inakuambia. Isiyo na nafasi kabisa iko kimya, inaizuia valvu isifunge vizuri, na valvu inaungua taratibu bila kelele.

Mlio usipokuwa tik

Mlio mzito, ngo-ngo-ngo, unaouhisi hadi kwenye nyayo, unaozidi injini ikipata moto na unaosikika zaidi unapoachia mafuta kwenye mizunguko 2,000 na kitu, si tiki tena. Ni beringi ya koni rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti. Simamisha gari, tafuta wa kulivuta. Ukiwa na ujasiri wa kuhakikisha, chomoa plagi ya umeme ya noseli moja moja injini ikiwa inaunguruma polepole. Ukichomoa ya silinda fulani na ile ngo-ngo ikapungua, umepata silinda. Chomoa noseli, si koili, kwa sababu ukichomoa koili petroli isiyoungua inaenda kuharibu kichujio cha ekzosi. Kisha mwaga oili kwenye beseni safi, uipeleke juani. Vumbi linalometa lisiloshikwa na sumaku mara nyingi ni chuma laini cha beringi. Ukiliona hilo, sasa ndiyo zungumza habari ya kufungua injini.

Wenye dizeli za zamani, kama 1HZ ya Land Cruiser, zenyewe zinapiga kelele tangu zizaliwe. Pigo moja lililojitenga humo mara nyingi ni noseli, na fundi hulegeza nati ya paipu ya kila noseli kwa zamu akisikiliza pigo lipi linapotea. Usijaribu hilo kwenye dizeli mpya za komoni reli. Humo mafuta yana presha inayopita bar 1,000 (bar ni kipimo cha presha), na yakitoka kwenye tundu dogo yanapenya ngozi kama sindano.

Ukitaka kunitumia mlio

Siku hizi nusu ya wateja wangu huanzia WhatsApp. Usiniandikie "fundi gari linalia". Rekodi video, si ujumbe wa sauti, maana simu nyingi kwenye ujumbe wa sauti zinajaribu kufuta kelele na kubakiza maneno yako, nami nataka kelele. Simama mbele ya boneti, hatua moja, usiweke simu juu ya injini. Sekunde 20 bila kukanyaga mafuta, kisha mtu akanyage taratibu hadi 2,000 na kuachia. Niambie injini ilikuwa imelala muda gani, mlio ulianza lini, na ni nini kilifanyiwa gari wiki ile kabla haujaanza. Swali hilo la mwisho peke yake limenimalizia kazi nyingi: "Nilibadilisha plagi." "Walitoa gurudumu." "Tuliosha injini."

Mwezi uliopita mwalimu alinitumia mwingine. Alikuwa ameutafuta kwa ukuta wa shule yake, akaandika: tik moja kila mzunguko, mbele kushoto, ukikaa N haubadiliki. Nikamjibu achukue bisibisi ainame kwenye tairi. Baada ya dakika tano ikaja picha: kiganja chenye vumbi la chaki, na katikati yake kokoto.